Barua Ile kwa Wakfu wa Ford

Barua huwa ileile. Juu kulia anwani ya mwombaji, kushoto "Mkurugenzi Mkuu, Wakfu wa Ford, New York", kisha kwa herufi kubwa: YAH: OMBI LA UFADHILI WA MASOMO YA SHAHADA YA UZAMIVU. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Vivuli vya vyeti vimeambatishwa, kila kimoja kikiwa na muhuri wa wakili. Mada ni mchango wa mashirika yasiyo ya kiserikali katika maendeleo ya wilaya fulani. Miezi inapita, kisha linakuja swali ambalo washauri wa wanafunzi wamechoka kulisikia: wakfu ni tajiri, utafiti unahusu kazi zake, mbona haujibu?

Kwa sababu mikono yake imefungwa. Wakfu binafsi wa Marekani ukimpa mtu fedha za kusoma au kusafiri bila utaratibu wa uteuzi ulioidhinishwa kabla na mamlaka ya kodi, IRS, unatozwa kodi ya adhabu. Kifungu cha 4945 cha sheria ya kodi kinasema asilimia 20 ya fedha zilizotolewa, na meneja aliyeidhinisha huku akijua hutozwa asilimia 5 kutoka mfukoni mwake. Kosa lisiporekebishwa, wakfu hutozwa asilimia 100. Hakuna ofisa atakayejitia kitanzi hicho kwa ajili ya muhuri wa wakili.

Kichekesho ni kwamba Ford wenyewe ndio waliochangia sana sheria hiyo kutungwa. Seneta Robert Kennedy aliuawa Juni 1968, na baadaye Ford ikawapa wasaidizi wanane wa seneta huyo ruzuku za kusoma na kusafiri, jumla takriban dola 131,000. Mbunge Wright Patman wa Texas alikuwa ameziandama wakfu kubwa kwa miaka, na sasa akapata wa kumuunga mkono. Mwaka 1969 rais wa Ford, McGeorge Bundy, aliitwa mbele ya kamati ya Bunge akazitetea ruzuku zile bila kuomba radhi. Wabunge wakatoka na hasira zaidi. Desemba mwaka huohuo Nixon akasaini Sheria ya Mageuzi ya Kodi. Anayetaka kuitwa daktari wa falsafa kwa kuchunguza uhisani alipaswa kukijua kisa hiki kabla ya kununua bahasha.

Imani kwamba Ford humsomesha mtu, kusema haki, haikuzuka hewani. Kati ya 2001 na 2013 Ford ilisomesha watu zaidi ya 4,300 kutoka nchi 22, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwamo, kwa mpango ulioanza na dola milioni 280. Kwa hiyo anayesema shangazi yake alisomeshwa na Ford huenda anasema kweli. Shangazi alishindanishwa na wengine, akasailiwa, na mpango umefungwa zamani. Hata "kusomeshwa na Gates" si kama watu wanavyodhani: mwaka 2000 wakfu huo uliipa Cambridge dola milioni 210, na wanaoteua ni wadhamini wa mfuko ulioundwa hapo. Carnegie Corporation ya New York, wakfu mwingine, nayo, ilipotaka kuwasaidia wahadhiri wa Afrika wanaosomea uzamivu, ilizipitisha fedha kwa SSRC, baraza la utafiti wa sayansi ya jamii.

Asiyeyajua haya ndiye mteja wa dalali. Dalali anauza orodha ya wafadhili, anauza barua pepe za wakurugenzi, anadai hela ya "kufungua faili" kwa M-Pesa. Faili gani? Vyuo vya Marekani vina ada ya maombi, ndiyo, lakini hulipwa chuoni.

Njia zilizopo, haraka haraka. Ambaye hajaanza masomo aombe idara yenye fedha: vyuo vingi vya utafiti Marekani humsamehe mwanafunzi wa uzamivu ada na kumlipa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti, maombi mengi hufungwa Desemba au Januari. Sosholojia, historia, siasa, utawala wa umma, zote zinafaa. Anayetaka uhisani wenyewe aende Indiana University, Indianapolis, penye shule ya uhisani tangu 2012. Humo Lake Institute imekuwa ikifadhili uandishi wa tasnifu kuhusu dini na utoaji, na mwenye utafiti wa zaka au harambee za kanisa asiipite. Aliyekwisha kusajiliwa atazame semina za uzamivu za ARNOVA na ISTR, vyama vya watafiti wa uhisani na asasi zisizo za kiserikali. Hazilipi ada, ila huko ndiko waliko wasomaji wa maandiko ya watu. Aliyebaki Afrika ajaribu CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi ya jamii la Afrika lililoko Dakar, DAAD ya Ujerumani kwa masomo ya ndani ya kanda, na kituo cha uhisani wa Kiafrika cha Wits Business School, Johannesburg.

Andiko nalo libadilike. "Mchango wa NGO" si swali la utafiti. Sheria ya PBO (mashirika ya manufaa ya umma) ya Kenya ilipitishwa 2013 ikaanza kutumika Mei 2024: mashirika yaliishije katika miaka hiyo 11, na nani alinufaika na ucheleweshaji? Hilo ni swali. Kibali cha utafiti cha COSTECH (Tanzania) au NACOSTI (Kenya) kina ada yake, na iingie kwenye bajeti tangu rasimu ya kwanza.