Marehemu Alisumbuliwa na Tumbo

Kwenye misiba yetu, wasifu wa marehemu husomwa kwa sauti kabla ya mazishi: alipozaliwa, alikosoma, ndoa, watoto, wajukuu. Akifika kwenye ugonjwa, msomaji huongeza mwendo. "Marehemu alisumbuliwa na tumbo kwa muda mrefu." Vichwa vinainama, wimbo unaanza. Hakuna anayeuliza tumbo gani, kwa kuwa mbele ya jeneza swali hilo ni utovu wa adabu.

Sentensi hiyo imeanza kunitisha. Ndani ya tumbo la mwanamke mna ini, utumbo, figo, kizazi, na pembeni mwa kizazi vifuko viwili vya mayai, yaani ovari, kila kimoja ukubwa wa lozi. Saratani inayoanzia hapo hujificha muda mrefu, na wengi hugundulika ikiwa imeshatapakaa tumboni.

Mtu atasema: basi tupime mapema. Uingereza walijaribu. Kuanzia mwaka 2001 waliandikishwa wanawake zaidi ya 200,000 wa miaka 50 hadi 74. Baadhi walipimwa kila mwaka kwa damu au kwa ultrasaundi, wengine hawakupimwa. Majibu ya mwisho yalitolewa mwaka 2021: kupima wanawake wasio na dalili hakukupunguza vifo. Ndiyo maana hakuna kampeni ya kupima ovari kama ilivyo ya shingo ya kizazi. Mambo haya mawili yanachanganywa mno. Mwanamke anapakwa siki kwenye shingo ya kizazi, anaambiwa yuko salama, anarudi nyumbani akiamini viungo vyake vyote vya uzazi vimekaguliwa. Saratani ya shingo ya kizazi husababishwa na kirusi kiitwacho HPV, na chanjo yake wasichana wa Tanzania walianza kuipata nchi nzima mwaka 2018, wa Kenya mwaka 2019. Siki ile haifiki kwenye ovari, na chanjo ile haizikingi.

Kwa hiyo tunabaki na kuifahamu hatari yenyewe. Umri ndio wa kwanza: wengi huugua baada ya kukoma hedhi. Jambo la pili lilielezwa mwaka 1971 na daktari wa Misri, Mahmoud Fathalla, katika jarida la The Lancet. Kila mwezi yai linapotoka, hupasua ngozi ya ovari, na jeraha hilo dogo hulazimika kupona. Alivyofikiri Fathalla, kadiri ovari inavyopasuka na kupona mara nyingi bila mapumziko, ndivyo nafasi ya chembe kukosea inavyoongezeka. Mimba ni mapumziko. Kunyonyesha ni mapumziko. Vidonge vya majira navyo ni mapumziko: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2008, uliokusanya tafiti 45, ulionyesha kwamba waliovitumia kwa miaka 10 walipungukiwa hatari ya kuugua kabla ya miaka 75 kutoka takriban 12 kati ya 1,000 hadi 8. Vidonge hivyo vina madhara yake pia, na hilo ni la kuzungumza na mhudumu wa afya. Lakini uvumi wa mitaani kwamba "vinaleta kansa ya mayai" umeigeuza kweli juu chini.

Bibi zetu walizaa watoto saba, wakanyonyesha kila mmoja karibu miaka miwili; hedhi zao zilikuwa chache kuliko za wajukuu wao. Wapo wanaoligeuza jambo hili kuwa fimbo ya kumchapia asiyezaa. Huo ni ukatili, na hesabu zenyewe zinawakanusha, kwa kuwa walio wengi kabisa kati ya wasiozaa hawataugua kamwe.

Tena, ovari yenyewe mara nyingi inasingiziwa. Tangu mwaka 2001, watafiti wa Uholanzi walipochunguza mirija ya uzazi ya wanawake wenye urithi wa saratani hii, ushahidi umeongezeka kwamba ile aina kali na ya kawaida zaidi huanzia kwenye ncha ya mrija, kisha humwagikia ovari. Hilo linasaidia kueleza kwa nini waliofunga kizazi huugua kwa uchache.

Lipo pia lile tunalolipuuza kwa mazoea: endometriosi, ambapo tishu inayofanana na ukuta wa ndani wa kizazi huota nje yake. Huongeza hatari ya baadhi ya aina za saratani ya ovari. Msichana anayegaagaa chini kwa maumivu ya hedhi huambiwa, "utapona ukizaa." Anastahili daktari. Unene uliopita kiasi nao huelemea zaidi mji wa mimba wenyewe, ambako saratani hujitangaza mapema kwa damu kutoka baada ya hedhi kukoma. Damu hiyo, hata tone, si ya kusubiri.

Urithi ndio unaonirudisha msibani. Mwaka 1990 Mary-Claire King, mwanasayansi wa Marekani, alionyesha mahali ilipo jeni iliyokuja kuitwa BRCA1. Ya pili, BRCA2, ilifuata. Mwanamke aliyerithi kasoro ya BRCA1 ana uwezekano wa takriban 44 kati ya 100 wa kupata saratani ya ovari kabla ya miaka 80. Kwa BRCA2 ni kama 17. Angelina Jolie alitolewa ovari na mirija mwaka 2015 kwa sababu alijua ana kasoro ya BRCA1, na pa kuanzia alikuwa napo: mama yake alifariki mwaka 2007, na ugonjwa wake ulitajwa kwa jina.

Sisi tunazika na jina. Kipimo cha jeni ni ghali na wengi hawakifikii. Kumbukumbu ya ukoo ni bure, nayo tunaifukia wenyewe. Tena tunaitafuta upande mmoja. Magonjwa ya wanawake tunayadhani ni ya upande wa mama, ilhali mwanamume hubeba kasoro hiyo bila kuugua ovari asizokuwa nazo, akampa binti yake kwa nafasi ya nusu kwa nusu. Shahidi anayesahaulika ni shangazi.

Daktari mwenye habari hiyo ya ukoo huweza kuzungumzia kutoa mirija na ovari mtu akishamaliza kuzaa. Ataacha pia kuandika dawa ya gesi kwa mara ya tatu, mgonjwa anapolalamika kwa wiki kadhaa kuwa tumbo linajaa, anashiba kwa tonge mbili, nyonga zinauma, haja ndogo haimpi nafasi. Ugonjwa ukishasambaa, maji hujikusanya tumboni, na majirani huanza kunong'ona juu ya mimba au uchawi.

Mwaka jana nilimuuliza shangazi yangu bibi alikufa kwa nini. Alikuwa akichambua mchele. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Tumbo tu, mwanangu. Lilijaa maji."

"Na dada yake?"

Alinitazama kwa muda. "Naye vilevile."