Je, Wajua? Seli za Ubongo Zisipojua Pa Kukoma

Je, wajua kwamba seli yenye afya husita ikigusana na nyingine? Michael Abercrombie na Joan Heaysman waliliona hilo London na kulichapisha kuanzia 1953. Walikuza seli za moyo wa kifaranga kwenye kioo, nazo zilipokutana zikaacha kutambaa. Baadaye ikadhihirika kuwa hata kugawanyika husimama nafasi ikijaa. Seli za uvimbe hulipuuza katazo hilo.

Je, wajua nani hulisimamia? Mmoja wa wasimamizi ni merlini, protini inayotengenezwa kwa maagizo ya jeni ya NF2 katika kromosomu ya 22. Makundi mawili ya watafiti yaliigundua jeni hiyo mwaka uleule, 1993. Merlini hukaa chini ya utando wa seli, pale seli zinaposhikana, ikiunganisha utando na kiunzi cha ndani. Seli zikisongamana, huamka na kuzima amri za kugawanyika. Isipokuwepo, seli huzidi kuzaana hata jirani zikijaa pande zote.

Je, wajua kwamba kila mtu ana nakala mbili za NF2, ya baba na ya mama? Kwa kawaida uvimbe huanza zote mbili zikiharibika katika seli moja. Anayezaliwa na nakala moja mbovu yuko karibu mno na hatari. Hali hiyo humpata takriban mtu 1 kati ya 25,000 hadi 33,000, na karibu nusu yao hawakuirithi kwa mzazi yeyote, kwa hiyo si haki kumtafuta wa kulaumiwa katika ukoo. Dalili yake kuu ni uvimbe uitwao shwanoma kwenye neva za kusikia, masikio yote mawili. Wengi huanza kupoteza usikivu wakiwa bado vijana.

Shwanoma si saratani. Familia ikiambiwa hivyo hushusha pumzi, na ni haki yao. Ila fuvu halitanuki: uvimbe usiosambaa popote waweza kuukandamiza ubongo hadi ukaua.

Je, wajua kuhusu meninjioma, uvimbe wa tando zinazoufunika ubongo? Harvey Cushing wa Marekani ndiye aliyeupa jina hilo mwaka 1922. Karibu nusu ya meninjioma zisizo za kurithi zimepoteza NF2. Nyingi zimepoteza pia DAL-1, protini ya ukoo mmoja na merlini.

Je, wajua kwamba merlini hupitisha amri zake katika njia iitwayo Hippo, yaani kiboko? Nzi wa matunda aliyekosa jeni ya Hippo huota kichwa kikubwa chenye mikunjo.

Je, wajua kwamba jeni yaweza kuwa nzima na bado isifanye kazi? BAI1, iliyoelezwa Japani mwaka 1997, hutengeneza protini ya ukoo wa protini za kushikamanisha seli, inayozuia mishipa mipya ya damu isiulishe uvimbe. Katika glioblastoma, uvimbe mkali kuliko karibu zote za ubongo, mara nyingi BAI1 imenyamazishwa kwa alama za kikemia zilizobandikwa juu ya DNA. Hapa ndipo ninapoona tumaini la kweli, kwa maana kilichonyamazishwa chaweza kuamshwa. Maabara zimelijaribu hilo kwa panya.

Lakini kushikamana si wema siku zote. Mwaka 2015 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walionyesha kwamba seli za uvimbe kama glioblastoma huunganishwa na mirija mirefu myembamba, na zilizounganishwa hivyo hustahimili mionzi kuliko zilizo peke yake.

Je, wajua kwamba hakuna dawa ya kumrudishia mgonjwa merlini aliyoikosa? Kwa wenye shwanoma za masikio yote mawili kuna upasuaji, mionzi, na bevacizumab, dawa inayobana mishipa mipya ya damu. Ripoti ya 2009 kutoka Boston ilionyesha kwamba baadhi ya waliopewa dawa hiyo uvimbe wao ulinywea, na wengine wakaanza kusikia vizuri zaidi.