Mpira Umfaao Mtoto, Bei Iufaayo Mfuko



Likizo ya shule ikaribiapo, ombi la kwanza la watoto wengi majumbani mwetu huwa ni mpira wa kandanda. Mtoto humwambia mama, mama humfikishia baba, na baba, akiwa na haraka zake sokoni, huchukua ule mkubwa kabisa akitumai kuwa mtoto atakua nao, kama avaavyo kanzu iliyoachwa pindo. Ununuzi huu hudhaniwa kuwa ni uangalifu wa mali, kumbe ndio upotezao mali, na mtoto huweza kudhurika.

Mchezo wa halali si jambo geni katika dini yetu. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), na kuwa Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini naye akiwatazama. Mwili wa mtoto ni amana, na fedha za nyumba ni amana vilevile. Yafaa basi tununue kwa ujuzi.

Kwanza ni kipimo. Mpira huandikwa nambari. Nambari 5 ni wa watu wazima na vijana wa miaka 13 na zaidi: mzingo wake ni sentimita 68 hadi 70, na uzani wake gramu 410 hadi 450. Nambari 4 ni wa miaka 8 hadi 12, nao una mzingo wa takriban sentimita 64 hadi 66. Walio wadogo zaidi hufaliwa na nambari 3. Mtoto wa miaka 7 apewapo nambari 5 hawezi kuumiliki mguuni. Huupiga kwa ncha za vidole, huumia, na mwishowe mpira huwa wa kaka zake.

Pili ni mahali pa kuchezea. Ngozi ya plastiki ngumu huwa rahisi kwa bei na hustahimili changarawe na matumbawe. Ngozi laini ya poliurethani hupendeza mguuni, lakini ni ghali, na uwanja wa mawe huichuna upesi. Kwa wachezao uani au kwenye saruji, uko mpira wa futsal, usiodunda sana, nao hupunguza ugomvi wa madirisha ya jirani.

Tatu ni ukaguzi. Mwombe muuzaji autie upepo mbele yako. Uviringishe sakafuni: ukienda upogoupogo, haukushonwa sawa. Pitisha kidole kwenye mishono uone kama kuna uzi uliolegea. Nyumbani, lowesha sindano ya pampu kabla ya kuitia, wala usizidishe upepo kuliko kipimo kilichochapwa karibu na tundu. Ukiingia maji ya bahari, uoshe kwa maji baridi na uuanike kivulini.

Liko pia jambo ambalo jicho halilioni dukani. Mipira mingi ya dunia hutoka Sialkot, mji wa Waislamu wenzetu nchini Pakistan. Hata Kombe la Dunia la 2014 lilichezwa kwa mipira iliyotengenezwa huko. Zamani watoto wengi walishona mipira majumbani, badala ya kuwa shuleni. Mwaka 1997 wafanyabiashara wa mji huo, pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya kazi na ya watoto, walitia saini mapatano ya kuwaondoa watoto katika kazi hiyo. Mtume (S.A.W.) ametufunza kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Basi tuonapo mpira wa bei ya chini kupita kiasi, tujiulize ni nani aliyeilipa bei iliyobaki.

Asiye na uwezo asikope kwa ajili ya mpira. Nyumba tatu au nne za jirani zaweza kuchanga na kununua mmoja ulio mzuri, ukawekwa kwa mama mmoja, ukatolewa baada ya Alasiri na kurejeshwa kabla ya Magharibi. Hapo watoto hujifunza kushirikiana, na sala hailiwi na mchezo.

Qur'ani imewasifu watoao bila israfu wala ubakhili. Njia hiyo ya kati yaingia hata katika mpira wa mtoto.

Wabillahi tawfiq.