Harufu ya joto: kutoka chupa ya Paris hadi msandali wa vilima vyetu

Usiku wa Juni na Julai hapa Dodoma una baridi na upepo mkavu. Ukiingia kwenye nyumba iliyofukizwa ubani jioni, unahisi kama nyumba ina joto, hata kama moto wa jikoni umeshazimika. Joto hilo halipimwi kwa kipimajoto. Ni harufu tu, lakini mwili unaipokea kama blanketi.

Watengenezaji wa manukato huko Ufaransa wanaijua hisia hiyo vizuri, na wamekuwa wakiiuza kwenye chupa kwa zaidi ya miaka mia moja. Swali linalotufikia mara kwa mara ni hili: kwa nini chupa moja inauzwa elfu chache mnadani, na nyingine yenye jina lilelile inauzwa laki mbili na zaidi mjini?

Leo tunaeleza mambo matatu. Kwanza, harufu hiyo ya joto inatoka wapi. Pili, unawezaje kujilinda unaponunua. Tatu, na hili ndilo lililotusukuma kuandika, kuna mti wa harufu hiyo unaoota kwenye vilima vya huku kwetu, na kuna watu wanaufuata.

Kwa nini harufu nyingine hukaa na nyingine hukimbia

Manukato mengi ya chupa ni mafuta yenye harufu yaliyochanganywa na spiriti. Ukijipulizia, spiriti huruka mara moja na kuacha mafuta kwenye ngozi. Hapo ndipo mafuta yenyewe yanapoanza kuondoka, lakini hayaondoki kwa pamoja.

Mafuta mepesi, kama ya limau na chungwa, huondoka ndani ya dakika chache. Ndiyo unayoyasikia mwanzo kabisa. Yanafuatwa na harufu za maua, ambazo hudumu saa kadhaa. Mwisho hubaki mafuta mazito: ya vanila, ubani, manemane, miti na utomvu. Haya huondoka polepole, na mengine bado yanasikika kwenye nguo kesho yake.

Harufu tunazoziita za joto zipo zaidi kwenye kundi hili la mwisho. Ni tamu, nzito na zina dalili ya moshi. Zinatukumbusha maziwa, maandazi, kuni na nyumba yenye watu. Kwa hiyo bibi anayeweka ubani kwenye kaa la moto na fundi wa manukato wa Paris wanatumia siri moja: kitu kizito kinachotoa harufu yake taratibu.

Kampuni ya Guerlain na chupa ya mwaka 1925

Mojawapo ya kampuni kongwe za manukato za Ufaransa ni Guerlain. Ilianzishwa Paris mwaka 1828 na Pierre-François-Pascal Guerlain, na ilibaki mikononi mwa ukoo wake hadi mwaka 1994 iliponunuliwa na kampuni kubwa ya LVMH.

Mwaka 1889 mwanawe, Aimé Guerlain, alitoa manukato yaitwayo Jicky. Yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kuchanganya mafuta ya mimea na harufu zilizotengenezwa maabara. Mojawapo ya harufu hizo ilikuwa vanilini, yaani kile kinachoipa vanila harufu yake. Wanakemia wa Ujerumani waliitengeneza mwaka 1874 kutokana na mti wa msonobari.

Kisha mwaka 1925 yakaja Shalimar, kazi ya Jacques Guerlain, yaliyopewa jina la bustani za wafalme wa Kimughal. Mwanzo wake ni bergamoti, tunda la jamii ya machungwa. Chini yake kuna vanila nyingi na utomvu uitwao opoponaksi. Karibu miaka mia moja baadaye bado yanauzwa, na wengi wanapotaja manukato ya joto huanza na hayo.

Harufu hizo zinatoka kwa nani

Ukitazama orodha ya vitu hivyo, utaona kwamba vingi havitoki Ufaransa.

Vanila asili yake ni Mexico, lakini leo nyingi inatoka Madagascar. Kwetu inalimwa Kagera na maeneo mengine, na Uganda pia wanailima. Ua lake hufunguka siku moja tu, na mkulima hulichavusha kwa mkono. Njia hiyo rahisi ya mkono iligunduliwa mwaka 1841 na Edmond Albius, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa katika kisiwa cha Réunion. Biashara ya vanila duniani bado inategemea kidole cha mkulima kama alivyofanya yeye.

Mlangilangi, ambao maua yake ya manjano yanajulikana sana Zanzibar, hulimwa kwa wingi Komoro, nchi inayoongoza duniani kwa mafuta yake. Karafuu za Pemba nazo hutoa mafuta ya joto na ukali. Ubani hutoka Oman na Somalia.

Na opoponaksi? Huo ni utomvu wa mti wa Somalia na Ethiopia ulio ndugu wa mmanemane. Miti ya ukoo huo ipo pia kwenye nyika ya Dodoma na Singida. Mchungaji aliyewahi kuchana gome lake na kunusa vidole anajua tunachosema.

Ukinunua, angalia haya

Sasa turudi kwenye chupa ya mnadani. Iwe Msalato, Kibaigwa au gulio la kijijini kwako, chupa ya elfu tano yenye jina kubwa la Paris haiwezi kuwa na kilichomo kwenye ile ya laki mbili. Huenda ikanukia vizuri, na kununua si kosa ukijua unanunua nini. Lakini usiilipie kama halisi.

Angalia maandishi. Chupa ya kughushi mara nyingi ina makosa ya herufi. Chupa halisi huwa na namba ya toleo, na namba iliyo kwenye boksi hufanana na ile ya chini ya chupa.

Angalia pia nguvu. Maneno "eau de parfum" kwenye chupa humaanisha mafuta ya harufu ni mengi kuliko kwenye "eau de toilette", na "eau de cologne" ina machache zaidi. Ndiyo maana bei zinatofautiana hata kwa jina moja.

Jaribu kwenye mkono, kisha zunguka sokoni nusu saa kabla ya kulipa. Harufu ya dakika ya kwanza ndiyo inayomuuzia mchuuzi. Harufu ya nusu saa baadaye ndiyo utakayoishi nayo.

Kwa hali ya hewa yetu, kumbuka kwamba joto la mchana na ngozi kavu hufanya manukato yaondoke haraka. Jipake kwanza mafuta ya mgando au ya nazi, kisha manukato kidogo juu yake. Au pulizia kwenye kanga au koti, mahali ambapo doa halitaonekana.

Kuna tahadhari tatu. Manukato yana spiriti na yanashika moto, kwa hiyo usijipulizie karibu na kibatari, jiko la mkaa au kiberiti. Yale yenye mafuta ya bergamoti au limau yanaweza kuacha madoa meusi au kuunguza ngozi ukipigwa na jua. Anayekwenda shambani ni bora ayapake kwenye nguo. Na kama nyumbani kuna mtu mwenye pumu, moshi wa ubani na manukato makali vinaweza kumletea shida, hivyo fungua madirisha au acha kabisa.

Ukipata upele au kuungua, acha kutumia, osha kwa maji mengi na uende zahanati ukiwa na chupa yenyewe. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na bidhaa unayoitilia shaka unaweza kuiripoti huko.

Mti wa vilima vyetu

Kuna harufu moja ya joto ambayo hatujaitaja bado: sandali. Ni laini, kama maziwa na mbao kwa pamoja. Mwaka 1989 Guerlain ilitoa manukato yaitwayo Samsara, yaliyojengwa juu ya yasmini na sandali ya India.

Sandali hiyo ya India ilivunwa kwa karne nyingi hasa katika eneo la Mysore. Kadiri miti ilivyopungua na serikali kubana uvunaji, ndivyo bei ilivyopanda, na wafanyabiashara wakatafuta mti mwingine wenye mafuta yanayokaribiana nayo. Mmoja waliougeukia ni msandali wa Afrika Mashariki, ambao wataalamu wanauita Osyris lanceolata.

Hatusemi kwamba kampuni yoyote tuliyoitaja inanunua miti ya huku. Tunachosema ni kwamba dunia inapopenda harufu fulani, mti wenye harufu hiyo huanza kutafutwa popote ulipo.

Msandali wetu ni mti mdogo, mara nyingi kama kichaka, unaoota kwenye vilima vya mawe na nyika kavu. Majani yake hubaki mabichi hata kiangazi, na matunda yake huwa mekundu yakiiva. Wengi wanaujua kama dawa ya kienyeji, kwa magome na mizizi yake.

Mambo matatu yanaufanya uwe rahisi kumalizika. La kwanza, mafuta yako ndani ya shina na kwenye mizizi, kwa hiyo wavunaji hawakati matawi, wanang'oa mti mzima. Hakuna chipukizi baada ya hapo. La pili, kuna miti dume na miti jike, na wavunaji hupendelea jike kwa imani kwamba ina mafuta zaidi. Jike likiondoka, mbegu nazo zimeondoka. La tatu, mizizi ya msandali hunyonya sehemu ya maji na chakula kutoka mizizi ya miti jirani. Kwa sababu hiyo kuuotesha kitaluni ni kazi ngumu, na ukifyeka miti inayouzunguka, nao hudhoofika.

Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007. Mwaka 2013, chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, msandali wa nchi sita, Tanzania ikiwemo, uliwekwa kwenye orodha ya mimea isiyoruhusiwa kuvuka mpaka bila kibali maalumu.

Mtu akija kijijini na mizani

Kwa kawaida biashara hii haiji na bango. Anakuja mtu na pikipiki au gari dogo, anauliza vijana kama wanaujua mti fulani, anaacha namba ya simu na kuahidi kulipa kwa kilo. Kijana aliyemaliza mavuno na hana kazi hadi mvua za Novemba anaona ni bahati. Hatumlaumu. Lakini ajue anachokiuza.

Kuvuna mazao ya misitu kunahitaji kibali, kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Mnunuzi wa halali ataweza kukuonyesha kibali kutoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na serikali ya kijiji itakuwa na taarifa zake. Asiyeweza kuonyesha karatasi, ataondoka na mzigo, na akikamatwa njiani jina litakaloulizwa ni la aliyechimba.

Kwa hiyo, kabla ya kushika jembe, muulize mnunuzi kibali chake, kisha mpeleke kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji. Kama anakataa kwenda, umeshapata jibu. Ukiona miti inang'olewa usiku, toa taarifa kwa kamati ya mazingira ya kijiji au ofisi ya TFS iliyo karibu.

Fanya pia hesabu. Msandali ulioota kwa miaka mingi hulipwa mara moja, na kilima kinabaki na mashimo ambayo mvua ya kwanza itayageuza makorongo. Kilima hichohicho kikibaki na miti yake kinaweza kubeba mizinga, na asali na nta vina soko kila mwaka. Nta nayo hutumika kwenye vipodozi, hivyo hata nyuki wako wanaweza kufika kwenye meza ya mtengeneza marashi bila mti kung'olewa.

Hakuna ubaya kupenda harufu nzuri. Chupa ya Paris ni nzuri kwa anayeimudu, na ubani wa mia tano kwenye kaa la moto unafanya kazi ileile usiku wa baridi. Msandali wa kilimani, ukipita karibu nao, uache ulipo. Matunda yake mekundu yakianguka, ndiyo mbegu ya msandali mwingine.