Taharuki, Hofu na Woga: Maneno Matatu Yasiyobadilishana

Neno la Kiingereza ‘fear’ aghalabu hutafsiriwa kuwa hofu pasi na kuzingatia muktadha. Makala hii inafafanua tofauti baina ya maneno matatu ya Kiswahili yanayoweza kulifasiri, yaani taharuki, hofu na woga, kwa kurejelea matukio ya Nakuru na viunga vyake baada ya uchaguzi mkuu wa Desemba 2007.

Taharuki ni neno lenye asili ya Kiarabu, na mzizi wake unahusu mwendo. Ni hali ya ghafla inayomtimua mtu kabla hajatafakari. Ghasia zilipozuka Nakuru na Naivasha mwishoni mwa Januari 2008, watu walikimbia makwao, na wengi wakapiga kambi katika uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini Nakuru. Hiyo ilikuwa taharuki. Wanafasihi hulitumia neno hili kwa maana ya hamu ya msomaji kujua litakalofuata. Katika maana zote mbili, moyo hautulii.

Hofu, ambayo pia asili yake ni Kiarabu, hukaa. Makubaliano ya amani yalitiwa saini tarehe 28 Februari 2008, na mwezi Mei serikali ikaanzisha Operesheni Rudi Nyumbani. Mbio zilikuwa zimekoma, lakini baadhi ya wakimbizi wa ndani walisita kurejea mashambani Molo na Kuresoi. Hao walikuwa na hofu. Kitenzi hofia huhitaji yambwa: mtu huhofia jambo fulani, nao walihofia kushambuliwa tena.

Woga, kwa upande wake, ni neno la Kibantu lenye uhusiano na kitenzi ogopa. Ingawa mtu huweza kuingiwa na woga kwa muda tu, neno hili huelekea kutaja tabia. Kutokana nalo tumepata mwoga, jina la kumbeza mtu. Mwenye hofu hana jina la lawama kama hilo.

Hivyo basi, uteuzi wa neno ni uamuzi wa kimaadili. Anayeandika kwamba wakimbizi walikataa kurudi kwa sababu ya hofu humwelekeza msomaji kuuliza ni nini kilichowatisha. Anayeandika kwamba walikataa kwa sababu ya woga huwahukumu walioumizwa, na waliowaumiza husahaulika.