Mtoto wa Mbwa Anapoingia Katika Nyumba ya Watu Wengi



Mbwa ni msaidizi wa zamani wa jamaa zetu. Katika mji, kama Bunia, Butembo ao Bukavu, analinda lupango usiku. Kule pori la Ituri, mbwa wa kuwinda anafungwa kengele ya mti shingoni, kwa sababu mbwa wa namna ile habweki sana, na mwindaji anafuata mlio wa kengele. Basi hatuandiki mafundisho haya kwa kukataza mtu kufuga mbwa. Tunataka kuonyesha namna ya kumpokea mbwa mdogo bila kuingiza ugonjwa ao kifo katika nyumba.

Neno kubwa ni hili: katika nyumba yenye watu wengi na kazi nyingi, mtoto wa mbwa anakuwa mbwa wa kila mtu. Na mbwa wa kila mtu hana mtu wake.

Tuwaze nyumba moja. Baba anatumika mbali. Mama anatoka mapema kwenda soko. Kuna watoto sita, mpwa aliyetoka kijijini kwa masomo, na tate mzee ambaye hasikii vizuri. Jirani anasema: "Imbwa yangu ilizala, mukuje mukamate mbili." Watoto wanafurahi. Juma la kwanza kila mtoto anawapa wale mbwa chakula. Juma la tatu kila mtoto anawaza kwamba mwingine amewapa. Mavi yanabaki karibu na jiko. Kisha siku moja mbwa mmoja anamuuma mtoto wa miaka sita kidole. Jeraha ni dogo sana. Mtoto hasemi neno, kwa sababu anaogopa fimbo. Jioni mama anarudi amechoka, haoni kitu.

Nyumba kama hii si nyumba mbaya. Ni nyumba kama zetu. Lakini kile kidole sharti kijulikane siku ileile. Tutaeleza kwa nini.

1. KABLA YA KUMLETA

Kwanza, chagueni mtu mmoja mkubwa ambaye atajibu mambo yote ya mbwa: chakula, usafi, sindano. Watoto wanaweza kumsaidia, lakini mtoto asiwe mkubwa wa kazi hii. Kama hakuna mtu mkubwa anayekubali, afazali kungoja. Kama mnapewa wawili, ulizeni kama nguvu yenu inatosha kwa wawili.

Pili, usimwondoe mtoto wa mbwa kwa mama yake upesi. Inafaa afikishe majuma 8. Akiwa na mama yake na ndugu zake anajifunza kucheza bila kuuma kwa nguvu.

Tatu, uliza anatoka wapi. Mama yake alichanjwa? Kuna mbwa aliyekufa kule siku hizi, ao aliyeuma watu? Usichukue mbwa mdogo unayemkuta barabarani bila kujua habari zake. Watu wengi wanasema: "Eko mudogo, hawezi kuwa na bugonjwa." Si kweli. Mtoto wa mbwa anaweza kupata kichaa sawasawa na mbwa mkubwa.

Nne, tayarisheni mahali pake: sanduku ao gunia kavu chini ya baraza, mbali na jiko. Asilale kitandani pamoja na watoto. Analeta viroboto, na meno yake yanapasua chandarua, yaani mustikere. Mustikere yenye matundu haizuii imbu wa malaria. Tena mbwa anaweza kubeba funza wanaoingia katika miguu ya watu. Basi mahali anapolala pafagiliwe kila siku.

2. MINYOO

Karibu kila mtoto wa mbwa ana minyoo. Hata kama umeona lupango ya jirani ni safi, usishangae. Minyoo fulani inapita kutoka kwa mama yake akiwa bado tumboni, na mingine inapita katika maziwa. Tumbo lake likivimba kama ngoma, usiseme ameshiba.

Mayai ya minyoo ile yanatoka na mavi. Siku ya kwanza hayawezi kumdhuru mtu. Yanahitaji kama majuma 2 mpaka 4 katika udongo ndipo yanakuwa na hatari. Kisha yanakaa udongoni muda mrefu sana. Mtoto mdogo anatambaa, anacheza na udongo, anatia mikono kinywani. Mayai yanapasuka ndani ya tumbo lake, na minyoo midogo inatembea mwilini: katika ini, katika mapafu, mara nyingine katika jicho. Mtoto anaweza kupoteza nguvu ya kuona kwa jicho lile.

Namna nyingine ya minyoo inaingia kwa ngozi ya mguu ulio wazi na kufanya mstari unaopinda-pinda na kuwasha sana.

Basi unaona faida: ukiondoa mavi kila siku, unaondoa hatari kabla haijakomaa. Fanyeni hivi:

- Mavi yaondolewe kila siku kwa jembe ao mpao, yatupwe chooni ao yazikwe mbali na bustani ya mboga.
- Mbwa apewe dawa ya minyoo akiwa na majuma 2, 4, 6 na 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Kama ulimpokea na hakupewa dawa, anza siku ileile.
- Dawa inapimwa kwa uzito wa mbwa. Umwulize munganga wa nyama. Usimpe dawa ya watu kwa kubahatisha.
- Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila mara wakimaliza kucheza naye, na zaidi kabla ya kula.
- Mbwa awe na sahani yake. Asirambe sufuria ya nyumba.
- Usimpe matumbo ao maini mabichi ya mbuzi na kondoo. Ndani yake kunaweza kuwa mbegu ya mnyoo ambao baadaye unarudi kwa watu.

Kwa chakula, mbwa wa majuma 8 ana tumbo dogo. Mpe kidogo mara 3 ao 4 kwa siku: ugali laini na ndagala ao samaki mwingine iliyopikwa, na maji safi. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika kama sindano, usimpe. Mbwa mwenye njaa ataiba, na akiiba atapigwa, na akipigwa ataanza kuuma.

3. KICHAA CHA MBWA

Kichaa cha mbwa kinaletwa na virusi inayokaa katika mate. Inaingia kwa jeraha la meno, ao mbwa akiramba kidonda, kinywa ao jicho. Virusi ile haipiti kwa damu. Inafuata mishipa ya fahamu polepole mpaka katika ubongo. Safari hiyo mara nyingi inachukua mwezi 1 mpaka 3, lakini inaweza kuwa juma 1 tu, ao hata mwaka. Ikifika katika ubongo, mgonjwa anashindwa kumeza, anaogopa maji, anachafuka akili ao anapooza, kisha anakufa. Hospitali haina dawa ya kumponyesha wakati ule. Karibu wote wanakufa.

Lakini wakati virusi ingali safarini, sindano inaweza kuishinda. Ilianza mwaka 1885, Louis Pasteur wa Ufaransa alipomchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa. Mtoto yule akapona. Hata hivyo Shirika la Afya Ulimwenguni, yaani OMS, linahesabu watu kama 59 000 wanaokufa kila mwaka, na karibu 4 katika 10 ni watoto wasiofika miaka 15. Sababu moja ni kwamba watoto wengi hawasemi. Ndiyo maana tumesema kile kidole sharti kijulikane.

Alama kwa mbwa: tabia yake inabadilika. Mpole anakuwa mkali, ao mkali anakuwa mpole na kujificha. Anauma miti na mawe. Sauti yake inabadilika. Mate yanatoka, kinywa hakifungiki, anatembea kama mlevi. Angalieni sana neno hili: mbwa asiyeweza kumeza anaonekana kama amekwamwa na mfupa. Mtu mwenye huruma anatia mkono kinywani kwa kuutoa. Usifanye hivyo hata kidogo!

Mbwa achanjwe akifika miezi 3, arudiliwe kisha mwaka, na baadaye kufuatana na fishi yake. Kama chanjo inapita katika mtaa wenu na mbwa wako hajafika miezi 3, umpeleke hata hivyo, kisha umrudishe wakati wake. Uliza kama dawa ilitunzwa katika frigo ao glasiere. Dawa iliyokaa juani haina nguvu. Chanjo ya mbwa ina bei ndogo sana kuliko sindano za mtu, na sindano za mtu mara nyingi hazipatikani karibu. Tena, mbwa 70 kwa 100 wakichanjwa katika mtaa, ugonjwa hauwezi kuendelea vizuri kati yao. Kwa hiyo ongea na jirani zako pia.

4. SHERIA ZA WATOTO

Mfundishe kila mtoto maneno haya, na kuyarudilia:

1) Usimguse mbwa anayekula, anayelala, ao mwenye watoto wake.
2) Usimvute mkia wala masikio, wala kumpiga kwa fimbo.
3) Usikimbie mbele ya mbwa usiyemjua. Simama kimya kama mti.
4) Mbwa akikuuma ao kukukwaruza, hata kidogo, hata kwa mchezo, sema siku ileile. HUTAPIGWA.

Sheria ya nne ni ya wazazi kuliko ya watoto. Kama ulimpiga mtoto mara moja kwa sababu alichokoza mbwa, mara ya pili hatakuambia. Afazali sindano kwanza, kumkaripia kesho. Katika nyumba ya watu wengi, yule mkubwa wa mbwa aulize kila jioni wakati wa chakula: "Leo nani aliumwa? Nani alikwaruzwa?" Swali hili halilipishi feza. Na mtoto anayetambaa asiachwe peke yake na mbwa hata dakika moja. Uso wake uko karibu na meno.

5. MTU AKIUMWA

- Osha jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15. Tayarisha bido nzima ya maji, mwaga polepole. Sabuni inaua virusi nyingi mahali pale. Usipite kazi hii hata kama hospitali iko karibu.
- Kisha tia dawa ya iode ao alkoli, kama iko.
- Usitie pilipili, mafuta ya ngazi, majivu ya nywele za mbwa, wala jiwe jeusi. Jiwe jeusi halivuti virusi hii.
- Usishone jeraha wala kulifunga kwa nguvu.
- Enda dispansere ao hospitali siku ileile. Sindano zinatolewa siku ya kwanza, kisha siku ya 3, ya 7, na nyingine kufuatana na mpango wa munganga. Jeraha likiwa kubwa, ao likiwa usoni, kichwani ao mikononi, munganga ataangalia kama inafaa kutia dawa nyingine ndani ya jeraha lenyewe. Uliza na sindano ya pepopunda. Wazee wanaogopa zile sindano nyingi za tumbo, ziliachwa. Siku hizi zinapigwa mkononi, ao katika paja kwa watoto wadogo. Mama mwenye mimba anaweza kuzipata pia.
- Usimuue mbwa kwa hasira. Kama inawezekana bila hatari, umfunge ao umfungie siku 10, na munganga wa nyama amwangalie. Akiwa mzima baada ya siku 10, basi hakuwa na virusi katika mate siku ile, na munganga anaweza kukomesha sindano. Lakini usingoje siku 10 ndipo uanze! Akikufa, ao akikimbia, sindano ziendelee mpaka mwisho. Mbwa aliyekufa vile asichunwe wala kuliwa.

MASWALI YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

1. Nani ni mkubwa wa mbwa wetu? Kila mtu anajua jina lake?
2. Fishi ya chanjo iko wapi? Tarehe ya sindano inayofuata ni gani?
3. Mavi ya leo yaliondolewa na nani?
4. Watoto wetu wanaamini kweli kwamba hawatapigwa wakisema?
5. Dispansere gani karibu nasi ina sindano ya kichaa? Kama haina, tutaenda wapi, na kwa usafiri gani?

Swali la tano msingoje kulijibu siku ya kuumwa. Enda kuuliza juma hili.