Mtoto wa Mbwa Anayelelewa Botini

Katika marina, yaani bandari ndogo za boti, za Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani, wapo watu wanaoishi ndani ya boti zao mwaka mzima. Wanalala humo, wanapika humo, asubuhi wanashuka gatini kwenda kazini, na wengi wao wanafuga mbwa. Mbwa mkubwa huzoea upesi. Wa wiki 8 ni habari nyingine, na kila mwenye boti anayetaka kumleta mtoto wa namna hiyo huuliza kwanza kama hatazama. Ni swali la haki, nami nitalifikia. Lakini kinachoitawala siku ya kijibwa botini, kuanzia alfajiri hadi usiku, ni safari ya kwenda haja.

Katika umri huo kibofu chake hakimudu zaidi ya saa mbili tatu mchana. Anatakiwa atoke kila akiamka, kila akimaliza kula, kila akitoka kucheza. Kwenye nyumba ya kawaida hufunguliwa mlango, basi. Botini kuna ngazi ya ndani iliyo karibu wima, kisha ukingo wa boti, kisha gati linaloelea, halafu daraja la kupandia nchi kavu penye majani. Gati hupanda na kushuka pamoja na maji, kwa hiyo boti na gati haviachani. Kinachobadilika ni daraja. Tofauti ya maji kujaa na kupwa Seattle hupita mita 3, karibu sawa na Mombasa wakati wa bamvu. Maji yakijaa, daraja hulala. Yakipwa, huwa mlima. Tena mara nyingi sakafu yake ni wavu wa chuma, ili watu wasiteleze mvua inaponyesha. Mtoto wa mbwa akikanyaga hapo anayaona maji chini ya nyayo zake, kucha zinanasa kwenye matundu, anajilaza kifudifudi, miguu kaitandaza pande zote, na hasogei. Ukimburuta kwa mkanda siku hiyo, atalichukia daraja hilo kwa muda mrefu sana.

Mbebe. Ncha za mifupa yake bado zinakua, na hazikomai mpaka afike mwaka hivi, au zaidi kwa mbwa wa maumbo makubwa. Kuruka kutoka sitahani hadi gatini mara kwa mara huziumiza. Chanjo nazo hazijakamilika: dozi za kukinga virusi vya parvo na distempa hurudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka atimize wiki 16. Kabla ya hapo, kipande cha majani ambapo mbwa wote wa marina hujisaidia si mahali pa kumweka chini. Lakini kutoka lazima atoke. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo ubongo wa mbwa unapoamua kipi duniani ni cha kawaida na kipi ni cha kutisha, na marina ina shule nzuri kwa hilo: henza zinazogonga milingoti, shakwe, injini zinazowashwa, wageni waliovaa makoti ya mvua. Akiyaona hayo akiwa kifuani mwako, anajifunza bila kukanyaga virusi.

Je, atajisaidia wapi? Ushauri wangu ni zulia la nyasi bandia omoni. Mbwa huanza kuchagua aina ya sakafu ya kujisaidia akiwa mdogo mno, karibu na wiki ya 8, na akishaizoea ni kazi kumgeuza. Basi iwahi nafasi hiyo. Tandika chini ya zulia kitambaa alichokikojolea, mpeleke akiwa na mkanda mfupi, tamka neno moja lile lile, nyamaza, subiri. Akimaliza tu, mpe kitu kitamu hapo hapo. Ukingoja mpaka mrudi ndani atadhani anasifiwa kwa kurudi. Kinyesi kizoe ukitupe kwenye pipa la nchi kavu, kwa sababu maji ya marina yametulia na uchafu haupati pa kwenda.

Sasa kuzama. Wakati wa kuogopa ni pale mwenye boti anaporuka gatini na mtoto naye akamfuata, akaanguka kwenye ule mwanya kati ya ubavu wa boti na gati. Atapiga miguu, lakini hana pa kushika, na maji ya huko huwa kati ya nyuzi 8 na 14 hivi mwaka mzima. Avae jaketi la kuokolea lenye mpini mgongoni, ili umnase kwa mti wenye kulabu na kumpandisha. Zaidi ya jaketi, mfundishe asivuke ukingo mpaka aambiwe. Kila siku, kila safari, hata ukiwa na haraka.

Zipo hatari nyingine pia. Nyaya za umeme wa volti 120 zinazotoka gatini zifichwe, asizitafune, mpaka amalize kubadili meno. Dawa inayozuia maji ya injini yasigande, ikiwa ina ethilini glaikoli, ni tamu kwake na kiasi kidogo tu huua figo. Maji matamu yawepo daima, asije akanywa ya chumvi.

Kuna jambo moja ambalo wageni wa pwani hiyo hawalijui, nalo ndilo linalonitia hofu kuliko yote: vipande vya salmoni mbichi wanavyoacha wavuvi gatini. Salmoni wa huko hubeba minyoo bapa inayoanzia kwa konokono wa mtoni, na ndani ya minyoo hiyo mna bakteria, Neorickettsia helminthoeca. Bakteria hao hawamdhuru binadamu wala paka, lakini humuua mbwa. Siku 6 hivi baada ya kula, mbwa hupata homa, hukataa chakula, hutapika, huharisha, na ukimpapasa chini ya taya unazigusa tezi zilizovimba. Asipotibiwa, kwa kawaida hufa ndani ya wiki 2. Akiwahiwa hupona kwa doksisaiklini, pamoja na prazikwanteli ya kuua minyoo, ile ile wanayopewa watoto wetu mashuleni kwa kichocho. Samaki aliyepikwa akaiva hana hatari hiyo.

Dalili hizo zinafanana mno na za parvo. Kwa hiyo ukifika kwa daktari, usingoje kuulizwa: mwambie mara moja kwamba mbwa wako anaishi botini na huenda amekula samaki mbichi.